Utabiri wa wikendi: usikilize Idara, simu, setilaiti ama macho yako?

Kila wiki kuanzia Jumatano simu yangu inageuka ofisi ya hali ya hewa. Mimi nakodisha tenti na viti hapa Kisumu, na swali ni lile lile tu, "Mwanangu, Jumamosi itanyesha?" Mama wa bibi harusi anauliza, mwenyekiti wa kamati ya mazishi anauliza, juzi hata fundi wa keki alinipigia, ati keki yake ya orofa tatu haipendi unyevu. Na mwezi wa kumi ndio unachosha zaidi manake kila mtu ameweka shughuli, harusi, maombi ya watahiniwa, Mashujaa Dei tarehe 20, mahindi ya watu wa Kitale yako nje yanangoja jua, halafu mawingu nayo yamekaa tu hapo yanatuangalia.

Wenzetu wa Ulaya wikendi ya mwezi wa kumi ni ya majani kudondoka na sweta. Kwetu ni ya mvua, Pwani wanaiita vuli, redioni utasikia mvua fupi. Huku magharibi mimi huwa nacheka nikisikia fupi, kwa sababu sisi mvua haijawahi kutuaga, inapungua tu halafu inarudi, karibu kila mwezi unapata ya kulowesha shati. Kwa hivyo swali huku haliwi kama msimu umeanza. Swali ni Jumamosi, saa ngapi, na upande gani wa mji.

Nimeona watu wamekwama kati ya njia nne: utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, apu za simu, picha za setilaiti, na macho yako mwenyewe pamoja na ya wazee. Mimi nimetumia zote nne na zote zimeshanilowesha. Wacha nizipange tuziangalie.

Tunapima nini

Mambo matano. Kwanza anaona siku ngapi mbele, kwa sababu anayejua ya saa moja ijayo tu hatakusaidia kuamua Jumanne kama ulipie tenti ya pili. Pili anajua uko wapi, Kondele sio Maseno na Maseno sio Kericho. Tatu anakupa saa? Bwana harusi hana shida na mvua ya saa nne usiku, shida yake ni ile ya saa nane mchana wakati MC ameshika maiki. Nne, ukimsoma unaelewa ama unadhani umeelewa (hii ndio inaumiza watu wengi). Tano anakula nini, bando, chaji na muda.

Kigezo cha nani hakosei nimekiacha makusudi. Wote wanakosea, lakini kila mmoja ana njia yake ya kukosea, na ukiijua hiyo njia tayari uko nusu safari.

Kabla ya hapo, mvua yetu inatoka wapi

Hii ni muhimu kidogo, bila hii hutaelewa kwa nini utabiri wa huku ni mgumu. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko ziwa, basi upepo unatoka ziwani unaingia bara, ule wa baridi unausikia pale Dunga kuanzia saa tano sita hivi. Unabeba unyevu. Huku upande wa pili kuna upepo wa kutoka mashariki, na katikati kuna ukuta wa Nandi na milima ya Kericho. Hizo pepo zikikutana hapo juu hewa haina pa kwenda ila kupanda, mawingu yanajengeka kama orofa, na alasiri yanaanza kushuka kuja kwetu. Ndio maana mvua ya Kisumu mara nyingi inatoka nyuma, upande wa Kibos na Nandi, wakati watu wameangalia ziwa.

Usiku mchezo unageuka. Nchi inapoa, ziwa linabaki na joto, upepo unatoka bara kwenda majini, dhoruba zinazaliwa katikati ya ziwa wakati wavuvi wako kazini na taa zao za omena.

Sasa hizo mvua zinakuja kwa vipande. Wingu moja linaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, linamwaga Mamboleo na Milimani watu wanakunywa soda juani. Hakuna mtu hapa duniani, awe Nairobi ama Ulaya, atakayekwambia Jumanne hicho kipande kitaanguka wapi Jumamosi. Ukishakubali hilo utagombana na watabiri kidogo kidogo tu.

Idara ya Hali ya Hewa

Makao yao yako Dagoretti Corner kule Nairobi, na tangu ugatuzi kila kaunti ina mkurugenzi wake wa hali ya hewa. Wanatoa utabiri wa saa 24, wa siku saba, wa mwezi na wa msimu. Kwa wikendi unataka ule wa siku saba upange, halafu ule wa saa 24 ukaze.

Siku saba mbele ni nzuri, na mimi naiamini kwa picha kubwa: wiki hii ni ya mvua kuliko iliyopita ama la. Shida ni eneo. Kwenye taarifa ya kitaifa tumewekwa kapu moja linaloitwa nyanda za juu magharibi mwa Bonde la Ufa, bonde la Ziwa Victoria, na Bonde la Ufa la kati na kusini. Ukihesabu kaunti zilizo ndani ni kama ishirini, Busia na Nakuru wako sufuria moja, Homa Bay na West Pokot pia. Mtu wa Nakuru akisoma pale "mvua alasiri" anabeba mwavuli, kumbe wanaongea zaidi juu ya Kakamega. Dawa yake ni kutafuta utabiri wa ofisi ya kaunti yako, ambao unashuka chini kidogo, unapatikana kwa magrupu ya WhatsApp na kwa redio za lugha za nyumbani, na hapo angalau mtu anaongea kama amewahi kukanyaga barabara unazozijua.

Saa wanakupa kwa vipande vitatu, asubuhi, alasiri, usiku. Kwa harusi hiyo inatosha kuamua kitu kikubwa sana, kwamba ibada ianze saa tatu na chakula kitoke saa sita, manake alasiri ndio yenye mdomo.

Sasa lugha. Hapa nakaa kidogo kwa sababu nimeona kamati nzima ikipotea. Utasoma "mvua na ngurumo za radi katika sehemu chache", ama "sehemu kadhaa", ama "sehemu nyingi". Haya maneno yana vipimo. Chache ni chini ya asilimia 33 ya eneo, kadhaa ni kati ya 33 na 66, nyingi ni zaidi ya 66. Yaani theluthi, theluthi, theluthi. Wateja wangu wakisoma "sehemu chache" wanaskia "mvua kidogo", wananipigia wanafuta turubai za pembeni ili wapunguze bei. Chache inahesabu sehemu, haihesabu maji! Kwenye hizo sehemu chache mvua inaweza kumwagika mpaka viti vielee, na wewe hujui kama uko ndani ya hiyo theluthi.

Kitu kingine, wakitoa onyo la mvua kubwa lichukulie kwa uzito. Kipimo chao cha kubwa ni zaidi ya milimita 20 kwa saa 24. Inaonekana ndogo, ni kama upana wa kidole gumba, lakini milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba. Tenti yangu ya mita 6 kwa 12 ni mita mraba 72, kwa hivyo milimita 20 zinamwaga lita 1,440 juu ya kitambaa, karibu tani moja na nusu. Kama imefungwa ikalegea maji yanakusanyika katikati, kitambaa kinafanya tumbo, na mlingoti unaanza kuinama kama mtu anasalimia. Nimeshaona. Sitaki kuona tena.

Gharama ni bure, bando ya kufungua picha moja ama pdf, au redio ya betri kama huna simu ya maana. Inamfaa nani? Mtu anayepanga kabla, anayeamua kitu ambacho hakirudi nyuma kwa urahisi, na mtu yeyote ambaye kazi yake inaweza kumuua akikosea. Haimfai anayetaka kujua kama atoke sasa hivi na boda aende Kibuye sokoni.

Apu za simu

Hii ndio kila mtu anayo, na ndio inaleta vita nyingi, "simu yangu inasema jua, yako inasema mvua, nani mwongo?"

Kitu cha kwanza kujua, apu nyingi hazina mtaalamu amekaa mahali anaiangalia Kisumu. Zinachukua hesabu za kompyuta kubwa, hasa ya Marekani inayoitwa GFS na ile ya kituo cha Ulaya, ECMWF. Hizo kompyuta zinagawanya dunia kwa miraba, ya Ulaya kama kilomita 9 kwa upande, ya Marekani kama 13. Hebu chora mraba wa kilomita 13 kuanzia Kisumu mjini uone unameza nini: ziwa, mji, mlima wa Riat, na mashamba, vyote vinapewa jibu moja. Na lile wingu letu la kilomita tatu nne linapita katikati ya wavu kama omena kwenye nyavu ya mbuta.

Siku wanazoonyesha ni 10, 14, nyingine zaidi. Mimi kwa mvua zetu za ngurumo siku ya sita kwenda mbele naichukulia kama pambo. Eneo inaonekana inajua, ina nukta ya bluu imeandikwa mtaa wako, lakini hiyo nukta inatoka kwa GPS ya simu, mvua yake inatoka kwa ule mraba. Hapo ndio watu wanadanganyika, wanaona jina la kijiji chao wanadhani kuna mtu amekichunguza kijiji.

Saa ndio nguvu yake. Hakuna mwingine anakupa saa kwa saa hivi. Na hata kama saa kamili si ya kuamini, umbo la siku linaeleweka: asubuhi kavu, kuanzia saa tisa uwezekano unapanda, saa mbili usiku unashuka. Tumia hilo umbo, usishike ile dakika.

Lugha yake ni picha ndogo na asilimia, na zote mbili zina mtego. Ile picha ya siku nzima mara nyingi inachagua hali mbaya zaidi ya siku, kwa hivyo unaweza kuona wingu na radi siku saba mfululizo ukalia, kumbe ni nusu saa tu ya jioni kila siku. Asilimia nayo, 40 haimaanishi itanyesha asilimia 40 ya siku, wala haimaanishi itakuwa mvua ya nguvu ya 40. Inamaanisha siku kama hii zikija kumi, nne hapo ulipo utalowa. Sasa jiulize, ukiambiwa gari hili likisafiri mara kumi linakwama mara nne, utapeleka bibi harusi nalo?

Mwaka jana nilikuwa na harusi kule Riat. Apu moja niliyokuwa naitegemea ilisema asilimia 20, nikapeleka tenti za juu tu bila pembeni. Saa tisa na nusu ilishuka ya upepo, inaingia kwa ubavu, wazee wa upande wa bwana harusi wamejikunyata katikati kama vifaranga, na mimi nafungua simu bado inaonyesha kajua kanacheka. Niliilaani sana. Baadaye nikitulia nikaona mahali nilikuwa nimeweka ni Kisumu, chini huko karibu na maji, na harusi ilikuwa juu mlimani. Na hata 20 ni wawili kwa kumi, si sufuri. Kosa tuligawana nusu nusu.

Kingine, hizo kompyuta zinapiga hesabu mara nne kwa siku, kwa saa zetu ni saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku, halafu majibu yanachukua masaa kadhaa kufika kwako. Kwa hivyo usishangae umeangalia alfajiri ikasema hivi na mchana ikasema vile, si kigeugeu, imepata habari mpya. Na kabla useme "nimeangalia apu tatu zote zinasema jua" hakikisha hazinywi kisima kimoja, manake kama zote zinatumia hesabu za GFS umeuliza mtu mmoja mara tatu. Zile zinazokuruhusu kuchagua, kama Windy, ni nzuri kwa hilo, unaweka ya Ulaya na ya Marekani kando kando. Zikikubaliana una moyo kidogo, zikigombana jua siku hiyo hata wenye kompyuta hawajui.

Inamfaa mtu wa siku moja hadi tatu mbele, msafiri, mtu wa ofisi, mtu anayechagua kati ya asubuhi na alasiri. Na inafaa zaidi mambo ambayo si mvua, joto, upepo wa jumla, baridi ya usiku ya Eldoret. Inamuumiza anayetaka ndio ama hapana.

Picha za setilaiti

Hii watu wachache wanatumia na mimi nashangaa kwa nini. Meteosat ya Ulaya imekaa juu ya ikweta kwa upande wa magharibi mwa Afrika, karibu kilomita 36,000 juu, inaangalia bara letu lote bila kupepesa, picha mpya kila dakika 15 na ile ya kizazi kipya kila dakika 10. Kuna tovuti na apu zinakuonyesha bure, unabonyeza icheze, unaona mawingu ya masaa matatu yaliyopita yakitembea.

Mbele inaona masaa mawili, matatu ukiwa na bahati. Zaidi ya hapo haina habari, kwa sababu haitabiri, inakuonyesha tu kilichopo, utabiri unaufanya wewe. Eneo ni safi kabisa, unaona kama mnara wa wingu uko Nandi Hills ama umeshafika Chemelil. Saa unajihesabia, lilikuwa hapa saa nane, saa nane na nusu limefika pale, basi kwetu ni saa tisa na robo hivi, kama halitafia njiani. Na yanafia njiani sana, hilo niseme, unaweza kufunga shughuli yote halafu wingu likaisha Kibos likakuacha na aibu.

Kuielewa kunataka mazoezi. Nyeupe si lazima iwe mvua. Kuna mawingu membamba ya juu sana, yana baridi kwa hivyo yanaonekana meupe pee, na hayana hata tone. La kuogopa ni lile lenye kingo kali, la mviringo kama koliflawa, ambalo kila picha ni kubwa kuliko iliyopita. Likianza kuchanika na kuwa kama pamba iliyovutwa linazeeka. Mchana tumia picha ya kawaida, usiku inabidi ile ya joto, ya infraredi.

Inakula bando kuliko zingine na chaji pia, na inataka mtu mmoja aachiwe hiyo kazi. Mimi siku ya shughuli namwachia kijana wangu mmoja, kuanzia saa saba kazi yake ni kuangalia Nandi, akiona kimeanza anakuja ananong'oneza, tunashusha pembeni za tenti kabla MC hajajua. Inamfaa mtu yuko tayari uwanjani na anaweza kufanya kitu kwa nusu saa. Kwa aliye nyumbani Alhamisi anawaza, ni sinema tu.

Macho yako na wazee

Usicheke. Kukhu wangu, yaani nyanya, kule Bunyore hajawahi kushika simu ya kugusa, na nguo zake hazijawahi kunyeshewa nikiwepo, anaanua dakika kumi kabla na hasemi kitu.

Ukienda Bunyore hutakosa kutajiwa ukoo wa Nganyi, watu wa mvua wa Vihiga. Wanasoma miti, wadudu, ndege, na upepo, na wana msitu wao mtakatifu. Wanasayansi hawakuwapuuza, Idara ya Hali ya Hewa na kile kituo cha hali ya hewa cha nchi za IGAD, ICPAC, walikaa nao wakalinganisha utabiri wao na wa kisayansi, wakatoa ujumbe wa pamoja kwa wakulima. Lakini elewa ule ni utabiri wa msimu, kupanda lini, mvua itakuwa nyingi ama haba. Ukienda kuwauliza kuhusu harusi ya Jumamosi unawapa kazi ambayo si yao, na anayekulipisha pesa akuzuilie mvua siku moja mimi simjui na simtaki.

Kwa mbele basi, macho yanaona dakika, hadi saa moja hivi, mbali zaidi ukiwa mahali palipoinuka. Kwa eneo hakuna anayekushinda, uko hapo. Lugha ndio unajifunza polepole. Hapa Kisumu upepo wa ziwa ukikata ghafla alasiri, kukawa kimya, kisha ukaja wa baridi kutoka Nandi unaonusa udongo, una dakika chache tu, hiyo ni hewa inayoshuka mbele ya mvua. Asubuhi mawingu yakishaanza kurefuka kwenda juu kabla ya saa tano, alasiri usiahidi mtu kitu.

Na radi inahesabika. Ukiona mwanga anza kuhesabu sekunde mpaka ngurumo, kila tatu ni kilomita moja. Chini ya 30 iko ndani ya kilomita 10, na hapo watu wanafaa kuwa ndani ya nyumba ama gari lililofungwa, wakae mpaka nusu saa ipite baada ya ngurumo ya mwisho. Tenti haihesabiki kama nyumba. Nasema hivi na mimi ndio nauza tenti: ina milingoti ya chuma, na watu wa Kisii wanajua radi inafanya nini. Mti ni mbaya zaidi.

Gharama yake ni shingo kuuma. Inamfaa kila mtu kwa kiasi fulani, ila haikusaidii usiku, wala kwenye bonde ambako mlima umekufichia wingu, na mgeni anayetoka Nakuru akija Kisumu alama zake zinampotosha. Nakuru hakuna ziwa kubwa la kusukuma upepo, mvua inatelemka kutoka Mau ama inatokea upande wa Bahati, mtu wa mtaa wa Section 58 kule Nakuru amezoea kuangalia huko. Akija hapa anaangalia magharibi, ziwani, anaona kweupe, anaanika.

Sasa wewe uko wapi?

Kama una harusi ama mazishi, soma ya siku saba ya Idara Jumatatu uamue ukubwa wa matayarisho, Alhamisi linganisha kompyuta mbili kwa apu uamue saa ya kuanza, na siku yenyewe mtu mmoja akae na setilaiti kuanzia saa saba. Mazishi yana ugumu wake, hayasogezwi, na watu wa mbali wameshapanda basi, kwa hivyo hapo mimi nawaambia walipie pembeni za tenti hata utabiri ukisema nini, na kaburi liwekewe turubai usiku wa kuamkia.

Mahindi Kitale ama Moi's Bridge ni hesabu tofauti, bodi ya nafaka inataka unyevu usizidi asilimia 13.5 na hutoi hiyo kwa jua la nusu siku. Hapo unataka siku tatu nne kavu zinazofuatana, na hilo ni swali la Idara, ya siku saba na ya mwezi. Apu itumie tu kujua saa ya kufunika. Wingu la siku moja si habari kwako, habari ni wiki.

Mvuvi, ama mama anayeanika omena Usenge: sikiliza utabiri wa ziwa kabla ya kitu kingine chochote. Tangu mradi mmoja wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani ulioanza 2017 kumekuwa na utabiri maalum wa Ziwa Victoria, upepo, mawimbi na dhoruba, na haukuja bure, ilikuwa inakadiriwa watu 3,000 hadi 5,000 wanakufa kwa mwaka kwenye hilo ziwa, nchi zote tatu. Macho yako usiku katikati ya maji hayakusaidii, wingu unaliona kwa radi ikiwa limeshafika. Ukisikia onyo, taa zibaki pwani. Mama wa omena yeye asubuhi ni yake, aanike mapema apate masaa sita saba ya jua.

Unasafiri Nakuru kuja Kisumu Ijumaa jioni? Apu, lakini weka vituo vitatu badala ya kimoja, Nakuru, Kericho, Kisumu, manake Kericho ni moja ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani na jua la Nakuru halijui lolote kuhusu hilo. Ukienda kwa njia ya Timboroa ongeza ukungu. Ukiweza kupita Londiani kabla ya saa tisa, pita.

Na kama ni nguo tu za wikendi, fua Jumamosi saa moja asubuhi, anika, na saa nane toka nje uangalie upande wa Nandi. Kukiwa na kitu kinarefuka, anua. Hata kama simu inakucheka.